Kitabu kile kile, jiko jingine

Haya wasomaji, leo tuweke programu kando kidogo, tuingie jikoni.

Mwaka 2002 Julie Powell wa New York alianza kupika mapishi yote 524 ya kitabu cha Julia Child cha mwaka 1961, akayamaliza kwa mwaka mmoja. Mimi Jumapili nilijaribu pishi moja tu: nyama ya ng'ombe ya Kifaransa, ichemke polepole saa tatu hivi. Mvinyo niliuacha, maana Mama alikuwa amekuja kutoka Mombasa naye hatumii pombe.

Saa tatu zikaisha, nyama bado ngumu. Niliona aibu kweli. Mama akaonja, akacheka: "Mwanangu, huku kwenu hata maharagwe yanachelewa kuiva."

Ndipo nikakumbuka fizikia. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Hata ukiongeza moto, hayapiti hapo.

Waandishi wa programu tuna kisingizio chetu: "Kwenye kompyuta yangu inafanya kazi." Kumbe na mapishi ni hivyo hivyo.

Tuliongeza saa nzima. Mama akaomba sahani ya pili.

Wewe je, jiko lako limekulazimisha kubadilisha nini?