Ngomeni, Kuisubiri Nuru Iliyochelewa

Safari yangu ya kwanza kwenda Ngomeni ilianzia Malindi, nikiwa na rafiki yangu, mwalimu wa fizikia ambaye hufuatilia setilaiti kwa macho na saa. Tulivuka daraja la Sabaki, tukaipita Mambrui, na Gongoni tukateremka kwenye matatu tukapanda bodaboda kupitia mashamba ya chumvi. Kutoka ufukweni nikayaona majukwaa ya chuma ya Waitaliano yaliyosimama baharini. Hapo ndipo iliporushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza eksirei za angani, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliitikia shikamoo yetu, kisha akauliza, "Wanangu, mwangoja chombo gani?"

"Cha juu, mzee," Mwalimu akajibu.

Tulikingoja Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mwalimu alikuwa na karatasi ya ubashiri uliokokotolewa siku chache kabla: saa 1:35 usiku kingepita karibu na nyota Canopus. Muda ukafika, nyota ikabaki peke yake. Ndipo ile nuru ikaja, imara, bila kumetameta. Mwalimu akabonyeza saa: imechelewa sekunde 40.

Nilidhani kimepunguza mwendo. Kumbe huko juu mambo ni kinyume. Hewa nyembamba iliyoko huko hukivuta kituo chini, na kikishuka huzunguka dunia kwa muda mfupi zaidi, hivyo huwahi. Injini zikikisukuma mbele, hupanda, mzunguko hurefuka, nacho huchelewa. Kule kuchelewa kulikuwa ushahidi wa injini.

Lakini zimesukuma kwa nguvu gani, na lini? Sekunde 40 pekee hazijibu: msukumo mdogo wa siku nyingi zilizopita na mkubwa wa jana huweza kuleta tofauti ileile. Tukalala Ngomeni. Kesho yake kituo kilipita mapema zaidi jioni, giza halijakolea, karibu na Sirius. Kwa karatasi ileile, kilichelewa sekunde 73.

Mwalimu akapiga hesabu kwa tochi ya simu. Kati ya mapito hayo kulikuwa na mizunguko 15, na nyongeza ya sekunde 33, yaani zaidi kidogo ya sekunde 2 kwa kila mzunguko. Hiyo ni kazi ya msukumo wa takriban mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole, kwa chombo chenye uzito wa zaidi ya tani 400. Ukirudi nyuma kwa sekunde hizo 2 na kidogo za kila mzunguko, injini ziliwashwa kama saa 28 kabla ya mapito ya kwanza. Hesabu hiyo imenivutia kuliko hata yale majukwaa.

Rada na darubini kubwa zinazofuatilia setilaiti hufuata mantiki hiyohiyo kwa usahihi wa juu zaidi. Kinachozisumbua ni injini za ioni, zinazosukuma taratibu kwa saa nyingi, kwa hiyo hakuna dakika moja ya kuinyooshea kidole. Na kazi hii si anasa. Februari 2009 setilaiti Iridium 33 na Cosmos 2251 ziligongana juu ya Siberia. Setilaiti iliyohama bila kugunduliwa huharibu kila hesabu ya kuepusha ajali kama ile.

Ukitaka kujaribu, anza na Kituo hicho. Hakikisha saa yako ni sahihi, andika sekunde, usitupe ubashiri wa zamani, na utazame tena usiku wa pili.