Msambu Usiozaa

Katika mwaka 1979 nilipangiwa kufundisha katika shule moja ya msingi iliyo chini ya msitu wa mvua, upande wa Vugiri, wilayani Korogwe. Nilikuwa nimetoka chuoni na maandalio ya masomo yaliyoandikwa kwa hati nzuri, na miongoni mwake lilikuwamo somo la ua kwa Darasa la Sita. Somo hilo ndilo ninalotaka kuwasimulia walimu wanafunzi, kwa kuwa nililifundisha kwa utaratibu wote uliotakiwa, na hata hivyo likaangusha mti.

Nilitumia ua la mharagwe. Kila kikundi kilipewa ua moja na mwiba wa mlimau wa kulipasulia. Tulitaja sepali, petali, stameni zenye chavua, na ovari iliyo katikati, ambamo mbegu huanzia. Mwishoni niliandika ubaoni sentensi niliyoinakili kutoka katika maandalio yangu: kila ua lina sehemu za kiume na sehemu za kike. Watoto wakainakili nao. Ndipo binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyosha mkono.

"Mwalimu, msambu ulio shambani kwetu huchanua sana, lakini hauzai hata tunda moja. Ile miwili ya bondeni huzaa. Huu una nini?"

Sentensi ilikuwa bado ubaoni. Kama kila ua lina sehemu zote mbili, basi mti unaochanua bila kuzaa hauna budi kuwa na ila. "Mti huo ni tasa," nikajibu, nikafuta ubao, nikaendelea na hesabu.

Kwa msomaji asiyeujua, msambu ni mti mrefu wa misitu ya mvua, wenye shina lililonyooka na majani magumu yanayoota mawili mawili, moja likielekeana na jenzake. Hauoti kwa asili mahali pengine popote duniani ila katika milima ya Tanzania, kama vile Usambara, Uluguru na Udzungwa. Na kwa kuwa misitu hiyo imepungua sana, umehesabiwa miongoni mwa miti iliyo hatarini. Tunda lake ni mojawapo ya matunda makubwa kuliko yote ya misitu ya Afrika: la rangi ya kahawia, refu hata kupita futi moja, na zito kiasi cha kumwumiza mtu likimwangukia kichwani. Halichumwi, hungojewa lianguke lenyewe. Ndani yake mna mbegu nyingi zilizozama katika utelezi, na mbegu hizo hutoa mafuta yanayoganda yenyewe kama samli. Wanawake wa milimani wameyapikia mafuta hayo tangu zamani.

Juma la pili baada ya somo lile nilisikia shoka. Baba yake yule binti alikuwa mkulima wa iliki, na iliki hupenda kivuli. Ndiyo sababu aliuacha msambu ule usimame miaka yote. Lakini binti alikuwa amefikisha nyumbani neno la mwalimu, na mti tasa wenye shina zuri ni mbao. Nilipofika, ulikuwa umelala katikati ya iliki zilizovunjika, na maua yake yakiwa yametapakaa chini. Bwana Misitu alikuwapo pia, kwa kuwa naye aliusikia mshindo. Hakusema lolote la kunilaumu. Aliokota ua, akaomba wembe, akalipasua juu ya kiganja chake, akaniita nitazame.

Palikuwa na petali tano. Mbele ya kila petali palikuwa na fungu la stameni zilizoshikamana, mafungu matano kwa jumla, yaliyojaa chavua. Katikati, mahali nilipowafundisha watoto kuitafuta ovari, hapakuwa na ovari. Tukapasua la pili na la tatu. Yote yalikuwa hivyo hivyo. Kisha akanipeleka bondeni, kwenye mmoja wa ile miwili inayozaa, tukaokota ua lililoanguka. Hilo lilikuwa na ovari nene yenye stigma pana juu yake, na badala ya mafungu ya chavua palikuwa na vijistameni vidogo visivyo na kazi.

"Huu ni jike," akasema. "Ule ulikuwa dume."

Baba yake binti alisikiliza yote haya akiwa ameliegemea shoka lake. Alikuwa mtu mzima kuliko mimi kwa miaka thelathini, nami nilimwamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana, kwa sababu sikujua la kusema. Alipokwisha kuitikia akasema kwa upole, "Beberu hazai, Mwalimu, wala hatumwiti tasa."

Kesho yake niliingia Darasa la Sita nikaiandika tena ile sentensi, kisha nikaikata kwa mstari mbele ya watoto. Sikujiona shujaa. Yule binti hakuinua macho kipindi kizima.

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuugundua uongo wa sentensi ile, na jibu linanitia haya, kwani ushahidi ulikuwa umeizunguka shule pande zote. Nyuma ya jiko palikuwa na mpapai dume, wenye maua madogo yaning'iniayo kwenye vikonyo virefu, ambao kila mtoto alijua kwamba haupaswi kutazamiwa mapapai. Shambani palikuwa na mahindi, yenye mbelewele juu zinazomwaga chavua na hariri ubavuni zinazoipokea: jinsia mbili katika mmea mmoja, lakini katika maua mbalimbali. Maboga nayo yana maua ya kiume na ya kike katika mtambaa mmoja. Watoto wale walikuwa na elimu yote iliyohitajiwa kulijibu swali la mwenzao. Mimi niliwaletea ua la mharagwe, nikalifanya kuwa ndilo ua la dunia nzima.

Nilipohamishiwa Handeni mwaka 1984 nililipanga somo upya. Handeni ni nchi kavu, na watoto wengi hawakuwa wamewahi kuuona msitu wa mvua. Nilianza na mpapai, mahindi, boga na mharagwe, yote mezani kwa pamoja, nikawaagiza wayapange maua hayo katika mafungu kabla sijataja jina lolote. Wakabishana kwa muda wa kipindi na nusu. (Mkaguzi angenikemea kwa kupoteza muda.) Mwisho wakayapanga sawasawa, isipokuwa kikundi kimoja kilichopanga kwa rangi.

Kipindi kilichofuata niliwatolea kapuni tunda la msambu nililolileta kwa basi kutoka Korogwe, pamoja na tawi na maua niliyoyakausha ndani ya gazeti. Nikauliza: mti huu ni ndugu wa mti gani? Wengi walisema mwegea, na walikuwa na haki ya kusema hivyo, kwani tunda la mwegea nalo ni refu, la kahawia, na huning'inia. Tukatazama jani. Jani la mwegea limegawanyika katika vijani vingi, la msambu ni moja zima. Petali za mwegea zimeungana zikafanya kikombe chekundu cheusi. Za msambu ziko mbalimbali, tano. Udugu wa tunda ukavunjika hapo hapo. Kijana mmoja aliyekuwa amesugua mbegu juu ya karatasi, akaona doa la mafuta lisilokauka, akasema, "Mwalimu, huu hauna ndugu. Uwekwe peke yake, uitwe mti wa mafuta."

Nilifurahi mno, kwa sababu mtaalamu mkubwa wa Berlin alikuwa amesema neno lile lile. Adolf Engler alipouchunguza mti huu kutokana na vielelezo vilivyotoka Afrika Mashariki, mwaka 1895 aliufanyia jenasi yake peke yake, akaiita Stearodendron, maana yake kwa Kigiriki mti wa shahamu. Jina la pili, stuhlmannii, lilikuwa la kumheshimu Franz Stuhlmann. Lakini huko Afrika Magharibi kulikuwa na miti ambayo jenasi yake ilikwisha kupewa jina mwaka 1867, Allanblackia, kwa kumkumbuka mtaalamu wa mimea Allan Black. Ilipolinganishwa, miti hiyo na msambu ilionekana kuwa ya jenasi moja, na mwaka 1897 Engler mwenyewe akauhamisha. Jina lililokuwa la kwanza ndilo linaloshinda, kwa hiyo mti wetu ukawa Allanblackia stuhlmannii. Na desturi ya wanabotania ni kwamba kosa halifutwi: katika vitabu, baada ya jina la mti, jina la Engler huandikwa mara mbili, la kwanza ndani ya mabano kwa ajili ya kazi ya 1895, la pili nje ya mabano kwa ajili ya masahihisho.

Niliwaambia pia watoto wa Handeni kwamba mtondoo wa pwani ni wa familia moja na msambu. Atakayeyaona maandalio yangu ya 1984 asiyanakili: tangu 2009 mtondoo umewekwa katika familia nyingine, na msambu umebaki na jamaa zake wengine.

Kuna swali moja ambalo huulizwa kila nilifundishapo somo hili, na mwalimu ajiandae nalo: je, mche wa dume hutambulikanaje na mche wa jike? Hautambulikani, si kwa jani wala kwa shina. Sharti kungoja uchanue, na msambu huchukua miaka mingi kuchanua. Hata mbegu yake yaweza kukaa ardhini mwaka mzima kabla ya kuota. Katika miaka ya 2000, wanunuzi walipoanza kuzitafuta mbegu za msambu katika vijiji vya Usambara, swali hilo liligeuka kuwa la fedha, kwani mwenye shamba huona hasara kumlisha dume, ilhali bila dume jike naye hana kitu.

Yule binti wa Vugiri alifukia mbegu za bondeni karibu na kisiki mwaka ule ule wa 1979. Tatu ziliota. Nilipopita huko miaka ishirini baadaye yote mitatu ilikuwa imekwisha kuchanua, naye alinipasulia maua mwenyewe, kwa wembe: mmoja jike, miwili dume. Baba yake, ambaye alikuwa mzee sana, alikuwa ameketi kivulini akitutazama. "Beberu wawili kwa mbuzi mmoja," akasema, akacheka hata akakohoa.