Vitunguu vya Majani na Mwandamo wa Mwezi Maretadu

Msafiri atokaye Karatu hupita Mbulu mjini, kisha Dongobesh, kabla ya kuingia Maretadu, na njia nzima hewa humkumbusha kuwa pwani ameiacha mbali. Katika uwanda huu wa juu hakuna vuli na masika. Mvua ni msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei. Hufuata baridi ya Juni na Julai, kisha ukame hadi mvua irudi.

Nyumba niliyofikia ina tuta la vitunguu vya majani nyuma ya jiko. Mafungu yake huuzwa gulioni, na fedha hiyo ndiyo inunuayo sukari na tende za futari. Kwa hiyo swali la mama mwenye nyumba halikuwa dogo: “Ustadhi, nisie mbegu lini ili nivune Ramadhani?”

Ndugu msomaji, swali hili halina jibu moja la kudumu. Ramadhani hufuata mwandamo wa mwezi, na kila mwaka hurudi nyuma takribani siku 11 katika kalenda ya jua. Mvua ya Maretadu hairudi nayo. Kitunguu cha majani nacho huhitaji kiasi cha miezi mitatu tangu kusiwa, na baridi humchelewesha mkulima zaidi.

Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza takribani Februari 8. Mbegu basi isiwe mapema Novemba, na miche itakulia mvuani. Tuta liinuliwe, maji yasituame, wala miche isibanane, kwani majani yakishinda na unyevu hupata ukungu.

Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, mapema Januari na mwishoni mwa Desemba. Kwa hiyo ya Desemba, kusia ni Septemba, ardhi ikiwa kavu. Hesabu ya miezi ni ileile, lakini kazi imegeuka: sasa adui ni kiu. Asie mwenye maji ya hakika, tuta liwe dogo, litandazwe nyasi, linyweshwe asubuhi.

Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza binti yake kisima hutoa ndoo ngapi mwezi wa Septemba. Hilo ndilo swali la kwanza. Bei ya mbegu huja baadaye.