Taa ya Mama na Saa Yetu



Wapendwa, juma hili tunapenda kuwashirikisha kosa letu wenyewe.

Mama yetu mzazi anaishi Butiama. Masikio yake yamechoka, hata kengele ya simu haisikii tena, naye ana dawa za shinikizo la damu anazopaswa kumeza baada ya kula, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kijana mmoja fundi kutoka Musoma alitutengenezea msaada: taa inayobadili rangi, ikiongozwa na kompyuta ndogo isiyozidi kiberiti. Ikiwaka kijani, ni dawa ya asubuhi; ikiwaka nyekundu, ni ya jioni. Ili tuweze kuisimamia kwa simu tukiwa mbali, aliandika ratiba ya programu hiyo kwa Kiswahili.

Haukupita muda mrefu, jirani akatueleza kwamba Mama amedhoofu kwa kukosa usingizi. Taa ilikuwa ikiwaka kijani saa saba usiku na nyekundu saa saba mchana. Mama alikuwa akiamka gizani, anapasha uji, anameza dawa na kurudi kulala, kwa kuwa mwanawe padre alimwambia aitii taa.

Wakati huo tulikuwa kikaoni Bunda. Tukampigia kijana simu na kumkaripia mbele ya wenzetu, tukisema amelipua kazi. Hakujibu neno. Kesho yake alipanda gari hadi Butiama, nasi tukamkuta huko.

Alianza na nyaya, zilikuwa nzima. Akabadili taa, hali ikabaki ileile. Kisha akakagua majira, maana kompyuta ile hupokea saa ya kimataifa kupitia intaneti, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3. Hapo pia palikuwa sahihi. Tena kosa lenyewe lilikuwa la saa 6, si 3. Akafungua ratiba. Palisomeka: asubuhi, 1, jioni, 1.

“Baba,” aliuliza kwa upole, “mimi niliweka 7. Nani aliibadilisha?”

Ni sisi. Siku moja usiku tulifungua ratiba ile, tukaona 7, tukasema moyoni kwamba kijana amekosea, kwani dawa ni saa moja. Tukasahihisha bila kumwuliza. Hatukukumbuka kuwa mashine huanza kuhesabu saa sita usiku, na tena saa sita mchana, ilhali Kiswahili huhesabu tangu mapambazuko. Moja ya Mama ni saba ya mashine. Programu haikuwa mbovu. Ilitii neno letu, kama Mama alivyoitii taa.

Tulimwomba kijana radhi palepale. Tukampeleka Mama kupimwa, naye, tunashukuru, hakuwa amedhurika. Jioni tukawapigia simu, mmoja mmoja, wale waliotusikia tukikaripia. Hilo ndilo lililokuwa gumu, hata kwetu sisi tunaoketi kila juma kusikiliza maungamo ya wengine. Mama alipoelezwa kwa ishara alicheka sana, kisha akauliza kama kijana amekula.

Je, wapendwa, juma hili tumemlaumu nani kabla ya kukagua yale tuliyoyagusa kwa mikono yetu wenyewe?

Tunawatakia Dominika njema.