Daftari Linalojihesabia

Marehemu baba yetu alikuwa na duka dogo Kondoa, na hesabu yake yote ilikaa katika daftari moja lililoshonwa kwa uzi. Kila Ramadhani ilipoingia alilifungua, akazithamini bidhaa kwa bei ya siku ile, akatoa fungu moja katika arobaini kwa ajili ya Zaka. Sisi wanawe hatukumfuata. Mali yetu si nyingi, lakini imetawanyika: hisa chache za saruji ya Twiga tulizonunua katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, akiba kidogo ndani ya simu, na biashara ya alizeti tunayoshirikiana na mdogo wetu aliyebaki Kondoa. Sisi hutuma fedha kutoka Dodoma. Yeye hununua magunia wakati wa mavuno na kuwauzia wakamuaji wa mafuta. Ushahidi wa yote hayo ulikuwa ni ujumbe wa simu, na simu ilipopotea ushahidi nao ukaenda. Na Qurani Tukufu imetuamuru tuandike madeni yetu!

Mwaka ule tulipoulizana kama mali imefika nisabu, hakuna aliyeweza kujibu. Twaona haya kusema kwamba tulinyamaza, na mwaka ukapita.

Jirani yetu, kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, ndiye aliyetuonyesha njia. Hakuandika programu yoyote. Alitutengenezea fomu ya Google, isiyolipiwa, yenye maswali manne: tarehe, kitu gani, kiasi gani, fedha ngapi zimelipwa. Mdogo wetu akinunua huijaza palepale ghalani kwa simu yake, na majibu huingia yenyewe katika jedwali letu huku Dodoma, likajumlisha magunia na kuyazidisha kwa bei ya soko. Katika kisanduku kimoja twaandika bei ya gramu moja ya dhahabu. Jedwali laizidisha kwa 85, na hicho ndicho kiwango cha nisabu. Katika kingine huandikwa tarehe ambayo mali ilifika kiwango hicho. Jedwali huongeza siku 354, yaani mwaka wa mwezi mwandamo, na siku ikitimia kisanduku chageuka chekundu. Ndugu wasomaji, anayehesabu kwa mwaka wa jua huchelewa siku kumi na moja hivi kila mwaka, na kwa miaka 33 huwa ameruka Zaka ya mwaka mzima. Bei za hisa na za alizeti bado twaziandika kwa mkono wetu kila Ijumaa, wala hatujutii.

Sasa tuseme lililotufika. Baada ya miezi mitatu tuliona fedha zilizotoka ni nyingi kuliko magunia yaliyoingia. Pengo lilikuwa kama la magunia arobaini. Tukarudia hesabu, ikawa ile ile. Tukampigia mdogo wetu kwa sauti ambayo hatupendi kuikumbuka.

"Kaka," akajibu taratibu, "mzigo upo ghalani. Njoo uuhesabu."

Tulipanda basi alfajiri, tukapita Mayamaya roho ikiwa nzito, maana mashaka juu ya ndugu ni mzigo mbaya kuubeba. Tulipofika tulihesabu gunia moja moja mpaka jasho likatutoka. Halikukosekana hata moja.

Kosa lilikuwa letu. Katika swali la kiasi tulikuwa tumeacha nafasi ya kuandika lolote, naye siku moja badala ya 38 aliandika "gunia 38". Jedwali hujumlisha tarakimu tupu. Likikuta neno pembeni yake huyahesabu yote kuwa ni maandishi, likayapita kimya bila kutuonya. Siku ile ile tuliiagiza fomu ikatae kila jibu lisilo tarakimu, kazi ya dakika mbili ambayo ingetuepusha na maneno yale yote.

Kisha mdogo wetu akaingia ndani akatoka na daftari la baba. Katika kurasa zilizobaki alikuwa ameandika kila gunia, tarehe na jina la muuzaji. Tukamwomba radhi mbele ya mama, naye akacheka. Tukakaa juu ya magunia, kila mmoja na fungu lake, tukapiga hesabu ya Zaka ya mwaka huu na ya ule tuliounyamazia.