Jicho la Mlinzi

Ruziba, kusini mwa Bujumbura, ni mahali pa wavuvi. Usiku taa za mitumbwi huwaka ziwani, nazo nyumba nyingi hulindwa na mbwa. Mlinzi huyo hana cheo wala mshahara. Akipofuka, aghalabu husemwa kwamba amezeeka, na maneno yakaishia hapo.

Hata hivyo si kila upofu ni uzee. Yako maradhi yaitwayo glakoma, yaani presha ya macho. Ndani ya jicho hutengenezwa maji mchana na usiku, nayo hutokea katika njia nyembamba iliyo pembeni. Njia hiyo ikiziba, maji hujaa, jicho hukazana, na mshipa upelekao nuru ubongoni hufa. Jicho la mbwa huwa jekundu, huingia ukungu, naye hukataa kuguswa kichwa. Siku mbili tatu zaweza kutosha kumpofusha.

Mbwa wa damu mchanganyiko hupatwa zaidi kwa jeraha au lenzi iliyohama. Lakini katika koo safi, mathalani Basset Hound, maradhi hurithiwa. Huko Uingereza daktari wa mifugo humtia mbwa matone ya ganzi, kisha huweka juu ya jicho kioo kidogo cha kutazamia njia ya maji. Zamani ilidhaniwa kwamba kupima mara moja kwatosha maisha yote. Baadaye ikaonekana kuwa njia huzidi kusongwa kadiri umri unavyosogea, basi upimaji hurudiwa. Mwenye kasoro kubwa hazalishwi. Ni hukumu chungu kwa mwenye jike zuri, lakini ni afadhali kuliko kuuza watoto watakaopofuka.

Na mwenye mbwa je? Glakoma iliyo nyingi kwa watu wa Afrika huja bila maumivu yoyote. Huko Kongwa, Tanzania, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 uliwakuta nayo watu wapatao 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, au mwanawe, yumo hatarini kuliko jirani. Askari wa zamu huweza kuiona shabaha iliyo mbele yake, asimwone ajaye ubavuni. Uoni uliokwisha kupotea haurudi; matone huulinda uliobaki. Kwa hiyo katika nyumba ambamo babu alipofuka polepole kwa maradhi haya, wa kupelekwa hospitali kupimwa ni wanawe, hao hao wanaosema kwamba wanaona vizuri.