Barafu ya Kusafishia Picha

Studio iliyoniajiri Kariakoo ilikuwa na chumba cha giza kilichovuja mwanga, kwa hiyo mikanda ya harusi niliisafishia nyumbani Magomeni, usiku, blanketi nimelipigilia dirishani. Taa nyekundu ni ya kuchapia picha kwenye karatasi. Mkanda wenyewe huona rangi zote, nao hutaka giza totoro mpaka uingie kwenye tangi na kifuniko kifungwe.

Adui yangu alikuwa joto. D-76, developa inayoitoa picha, hutaka nyuzi 20, na Februari maji ya bomba Dar es Salaam hukaribia 30. Wenzangu walipunguza dakika. Mkanda wa HP5 unaokaa dakika 7 na nusu katika dawa isiyozimuliwa, kwenye joto hilo hutaka kama nusu yake tu, na hapo ndipo balaa: muda wa kumimina na kumwaga unakuwa sehemu kubwa ya kazi, mbingu ya picha inatoka na mabaka. Chini ya dakika 5 sikukubali kamwe. Nilinunua barafu kwa jirani, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuitia katika beseni la maji lenye chupa ya dawa, si ndani ya dawa, maana ikiyeyuka humo huizimua.

Fiksa, dawa inayofuata ya kuidumisha picha, na maji ya kusuuzia vilikaa beseni hilohilo. Mkanda ukitoka kwenye ubaridi na kutumbukizwa ghafla kwenye maji ya bomba, gelatini yake huvimba na inaweza kujikunja mikunjo midogo kama wavu. Mikunjo hiyo haipigwi pasi.

Jasho nalo! Spuli ya plastiki ikiwa na unyevu hung'ang'ania mkanda katikati ya njia. Nilioga kwanza, nikajifuta vizuri, ndipo nikazima taa. Wakati wa kuanika feni sikuiwasha. Vumbi lake ningelikuta usoni mwa bibi harusi.

Sifa yangu mtaani, hata hivyo, ilitokana na kusoma pembeni mwa mkanda. Kijana mmoja alikuja, akaniamkia shikamoo, kisha akaanza kuilaani kamera: mkanda mtupu kabisa. Nikauinua kwenye mwanga. Namba za pembeni hupigwa kiwandani, na ni dawa inayozitoa. Zikionekana bila picha, kosa ni la kamera au la aliyeuvalisha mkanda. Zisipoonekana, developa imekufa, au fiksa imetangulia. Wake haukuwa na hata herufi.

"Ulianza na chupa ipi?"

"Ile inayonuka siki, mzee."